Afisa Uhusiano Mkongwe Hupimwa kwa Anayomwambia Bosi Wake

Ukimuuliza kijana anayemaliza shahada ya uhusiano wa umma kwa nini aliichagua fani hii, mara nyingi atakujibu kwamba anapenda watu, ana ulimi mwepesi na haogopi kamera. Si majibu mabaya, ila yanamfaa mshereheshaji kuliko afisa uhusiano. Waajiri wengi nao wameing'ang'ania picha hiyohiyo. Wanatafuta mtu nadhifu, asiyekwama katika Kiswahili wala Kiingereza, anayejuana na wahariri. Wakishampata wanamkabidhi kalenda za mwisho wa mwaka, fulana za Mei Mosi, mabango ya Sabasaba na orodha ya wageni wa meza kuu. Miaka inapita, cheo kinapanda, na bado hajawahi kuulizwa jambo moja la maana kabla halijaamuliwa. Makala haya yanawalenga waliomo katika kazi hii na wanaoitamani, na hoja yake ni moja: afisa uhusiano huwa mkongwe wa kuheshimika kwa sababu ya ukweli anaothubutu kuusema ndani ya ofisi kabla umma haujausikia kwa watu wengine. Ulimi ni nyenzo tu. Mtaji wa kazi hii ni kuaminika, na mtaji huo huongezeka au huliwa mezani kwa bosi, mbali na kamera.

Historia ya fani yenyewe inalithibitisha hilo, tena kwa mtu mmoja aliyelifuata na baadaye akalisahau. Ivy Lee alikuwa mwandishi wa habari nchini Marekani kabla ya kugeukia kazi ya kuwasemea wenye makampuni. Mwaka 1906, wakati wa mgogoro wa wachimbaji wa makaa ya mawe, aliwatumia wahariri tamko akiahidi kwamba ofisi yake itafanya kazi hadharani, itatoa taarifa sahihi na itamsaidia mwandishi yeyote anayetaka kuzihakiki. Tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo, treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini karibu na Atlantic City na kuua watu zaidi ya 50. Desturi ya makampuni ya reli enzi hizo ilikuwa kuzificha ajali na kuwafukuza waandishi. Lee aliishawishi kampuni ifanye kinyume: waandishi wapelekwe eneo la ajali, na taarifa iandikwe na kusambazwa kwa magazeti yote. Taarifa hiyo hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina yake kwa vyombo vya habari. Wengi hukumbuka karatasi ile. Kazi ngumu, hata hivyo, ilikwishafanyika kabla ya karatasi, pale mtu mmoja alipowageuza mawazo wakubwa waliozoea kufunga milango.

Miaka minane baadaye Lee huyohuyo aliajiriwa na familia ya Rockefeller. Tarehe 20 Aprili 1914, huko Ludlow katika jimbo la Colorado, askari na walinzi wa migodi waliishambulia kambi ya wachimbaji waliogoma na mahema yakachomwa moto. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo wanawake wawili na watoto 11 waliokuwa wamejificha kwenye shimo chini ya hema. Lee alitoa mfululizo wa vijikaratasi vya kuwatetea wenye migodi, akitumia maelezo aliyopewa na mameneja wao. Baadhi yalikuwa ya uongo, yakiwamo yaliyokuza malipo ya viongozi wa chama cha wafanyakazi. Alipohojiwa na tume ya serikali alikiri kwamba hakuyahakiki. Mwandishi Upton Sinclair akambandika jina la mmea wenye sumu, na jina hilo likamfuata hadi kaburini. Kipaji kilikuwa kilekile, na kalamu ni ileile. Mwaka 1906 aliuliza na kubishana na waliomlipa. Mwaka 1914 alipokea alichopewa akakipeleka mbele. Kijana anayeingia katika kazi hii afahamu kwamba kosa la Lee hutendwa kila siku na maafisa wasio na nia mbaya hata kidogo. Wameletewa aya mbili kutoka idara fulani, wakasahihisha tahajia, wakabandika nembo na kutuma.

Arthur Page, makamu wa rais wa kampuni ya simu ya AT&T kuanzia 1927 hadi 1946, aliiona hatari hiyo mapema. Kabla ya kukubali kazi alitaka uhakika kwamba hatakuwa mtu wa matangazo tu, atakuwa na sauti katika sera za kampuni. Kanuni zinazohusishwa na jina lake zinasema kwamba sura ya taasisi mbele ya umma hujengwa kwa asilimia 90 na inayoyatenda na kwa asilimia 10 na inayoyasema. Hesabu hiyo haikupimwa maabara, lakini mantiki yake haina shaka. Kama matendo ndiyo yanayobeba uzito, afisa anayeitwa baada ya matendo kuamuliwa amepewa kipande kidogo kabisa cha kazi yake, kisha atalaumiwa kwa kazi nzima. Nauli zikipandishwa bila maandalizi, wafanyakazi wakicheleweshewa mishahara, dawa zikikosekana hospitalini, hakuna taarifa kwa umma itakayoyafunika. Anayeweza kuyazuia ni yule aliyekuwamo kikaoni akauliza mapema: wananchi watalipokeaje jambo hili, na tutawajibu nini wakituuliza sababu?

Kiti cha kikaoni hakipatikani kwa kuandika barua ya kulalamika kwamba kitengo cha uhusiano kinadharauliwa. Mkurugenzi humwita anayejua jambo ambalo wakuu wengine hawalijui. Chukua mfano wa mamlaka ya maji ya mji wowote. Mhandisi anajua pampu, mhasibu anajua madeni, mwanasheria anajua mikataba. Afisa uhusiano anapaswa kumjua mteja kuliko wote. Kila Jumatatu aandike ukurasa mmoja, usizidi: malalamiko matatu makubwa ya wiki iliyopita, yametoka kata zipi, yameongezeka au yamepungua, mwandishi gani ameuliza nini, na ahadi gani tuliyoitoa hadharani bado haijatekelezwa. Ili aupate ukurasa huo itambidi akae dirisha la huduma kwa wateja, asikilize simu zinazopigwa, apande gari la mafundi, asome maoni ya watu mtandaoni bila kuruka yanayotukana. Baada ya miezi michache wakuu wa idara wataanza kuuliza ukurasa uko wapi. Hapo ndipo kiti hupatikana, na hapo ndipo kazi ya kalenda na fulana inarudi kuwa sehemu ndogo ya kazi kubwa.

Ushahidi unaotajwa zaidi kuhusu thamani ya ukweli wa ndani ni wa Johnson & Johnson. Mwishoni mwa Septemba 1982, watu saba katika eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol ambavyo mtu asiyejulikana alikuwa amevitia sumu ya sianidi. Kampuni iliondoa madukani nchi nzima chupa zipatazo milioni 31, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100, kisha ikarudisha dawa hiyo sokoni ikiwa na kifungashio kinachoonyesha kama kimechezewa. Hadithi hiyo husimuliwa vyuoni kama ushujaa wa mtendaji mkuu, James Burke. Kuna kipande kidogo ndani yake ambacho kinamfundisha zaidi afisa uhusiano. Mwanzoni kampuni iliwaambia waandishi kwamba hakuna sianidi katika viwanda vyake. Baadaye watu wa mawasiliano wakagundua kwamba kiasi kidogo kilikuwa kikitumika katika vipimo vya maabara. Kiasi hicho hakikuwa na uhusiano na vifo, na palikuwa na kila kishawishi cha kunyamaza. Wakaamua kujisahihisha hadharani. Mwandishi aliyeona kampuni ikijikosoa katika jambo dogo alikuwa na sababu ya kuiamini iliposema jambo kubwa, kwamba sumu haikutoka kiwandani.

Mtu atasema mfano huo ni wa matajiri: kampuni yenye dola milioni 100 za kupoteza inaweza kununua heshima, sisi tunahangaika na mafuta ya gari la ofisi. Pingamizi hilo lina uzito kuhusu chupa milioni 31, lakini kujisahihisha, au kukiri kwamba hujui, hakugharimu kitu. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways yenye watu 114 ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Douala, Kameruni. Ilichukua zaidi ya siku moja na nusu kupata mabaki, yaliyokuwa kwenye kinamasi kilomita chache tu kutoka uwanjani, kwa kuwa msako ulianzia mbali kabisa. Katika muda huo mtendaji mkuu, Titus Naikuni, alikuwa akijitokeza mbele ya waandishi jijini Nairobi ilhali hajui ndege iko wapi. Kusema "mpaka sasa tunajua hili, lile hatulijui, na tutarudi kwenu tena" hakuhitaji bajeti. Kunahitaji mtu wa mawasiliano aliyemwandaa mkuu wake kukubali mbele ya kamera kwamba hana jibu.

Linganisha na siku za shambulio la magaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa. Serikali kwanza ilizungumzia washambuliaji kati ya 10 na 15, na baadaye idadi ikashuka hadi wanne. Moshi mzito ulielezwa kuwa ni wa magodoro yaliyochomwa na magaidi. Picha za kamera za dukani zilipowaonyesha wanajeshi wakibeba mifuko, jeshi likasema walichukua maji ya kunywa tu. Kabla Oktoba haijaisha, wanajeshi wawili walikuwa wamefukuzwa jeshini na kufungwa kwa wizi. Askari waliohatarisha maisha yao mle ndani walistahili kusemewa vizuri zaidi. Waliowaponza ni wasemaji waliokimbilia vipaza sauti kabla hawajaulizana wao kwa wao. Mficha maradhi kifo humuumbua, na siku hizi kifo hicho huja na video.

Tofauti ya msemaji aliyeulizia na asiyeulizia huonekana hata katika tangazo dogo kabisa. Sote tumezoea kusoma hivi: "Uongozi unapenda kuwataarifu wateja wote kuwa kutakuwa na ukosefu wa huduma katika baadhi ya maeneo kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Kiswahili chake hakina kosa, ila hakuna alichoambiwa mama lishe anayetaka kujua kama kesho afungue au asifungue. Sasa soma hili: "Kuanzia leo saa 2 usiku hadi kesho saa 12 jioni maji hayatatoka Sokoni, Majengo na Kambarage, kwa sababu pampu moja kati ya mbili za kisimani imeungua. Maboza mawili yatasimama Shule ya Msingi Majengo na kwenye zahanati kuanzia saa 1 asubuhi. Tutatoa taarifa nyingine saa 6 mchana, hata kama matengenezo hayajakamilika." Aliyeandika la pili si lazima awe hodari wa lugha. Amemfuata mhandisi kisimani, amemng'ang'ania mpaka akampa saa, amemwomba meneja maboza, na amekubaliana na wote kwamba saa 6 mchana hakuna atakayemkwepa. Ukipata tangazo la namna ya kwanza kutoka idara yoyote, usilisahihishe. Lirudishe na maswali matatu: wapi, hadi lini, na kwa sababu gani?

Pingamizi kubwa zaidi ni la tumbo. Bosi ndiye anayelipa mshahara, na mabosi wengi wa kwetu hawapendi kuambiwa ukweli. Anayewasifu hupanda cheo, anayewakosoa huhamishiwa wilaya ya mbali. Uchawa unalipa, wanasema, na mifano wanayo. Siwezi kuwabishia kwamba hatari hiyo haipo. Ila wengi walioumia waliumia kwa namna walivyosema, zaidi ya walichosema. Kumkosoa mkuu mbele ya wasaidizi wake, au kumletea tatizo bila njia ya kutokea, ni kujitafutia uhamisho. Mkongwe humfuata ofisini wakiwa wawili, mapema, kabla hajajifunga kwa kauli. Humwonyesha gharama itakayompata yeye mwenyewe, na huingia na maneno mbadala yaliyokwisha kuandikwa: "Mkurugenzi, tukisema ankara zote zimehakikiwa, jioni hiihii mteja mmoja ataweka ya kwake mtandaoni. Naomba tuseme zilizohakikiwa ni za kata tatu, zilizobaki zitakamilika Ijumaa, na aliyezidishiwa atarudishiwa." Hapo hakuna ubishi wala ushujaa. Bosi amepewa njia ya kubaki na heshima yake, na mara nyingi ataifuata kwa sababu ni yenye faida kwake.

Asipoifuata, andika ushauri wako kwa ufupi, uutume kwa barua pepe ya kazi na utunze nakala. Kisha tofautisha mambo mawili. Bosi akichagua kunyamaza pale uliposhauri kusema, au akapendelea maneno laini kuliko yako, huo ni uamuzi wake na wajibu wako ni kuutekeleza vizuri. Akikutaka uweke jina lako kwenye jambo unalojua ni uongo, hapo ndipo mpaka ulipo, maana utakuwa unauza kitu ambacho mwajiri anayefuata atakihitaji kwako. Kwa hiyo mkongwe mwenye busara hujiwekea akiba ya mishahara ya miezi kadhaa na hudumisha urafiki na watu wa fani nje ya taasisi yake. Uhuru wa kusema hapana hujengwa miaka mingi kabla ya siku ya kuusema.

Wapo watakaodai kwamba waongo nao wamefanikiwa, na watamtaja Edward Bernays. Mwaka 1929, akiifanyia kazi kampuni ya tumbaku, alipanga wanawake waonekane wakivuta sigara hadharani katika maandamano ya Pasaka jijini New York, na jambo la biashara likapita magazetini kama jambo la haki za wanawake. Akaishi hadi 1995, akafa na miaka 103, ametajika duniani kote. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba uzeeni aliwaunga mkono waliokuwa wakipinga sigara, na hakuna chuo makini kinachomfundisha leo bila onyo. Isitoshe, mazingira yaliyomlinda hayapo tena. Mwaka 2016 kampuni ya Bell Pottinger ya London, mojawapo ya majina makubwa ya fani hii Uingereza, ilichukua kazi ya kampuni ya familia ya Gupta, Afrika Kusini, kwa pauni 100,000 kwa mwezi. Kampeni iliyofuata ilishutumiwa kwa kuchochea chuki ya rangi ili kuwaondolea lawama wateja hao. Barua pepe zikavuja, na Septemba 2017 chama cha taaluma cha Uingereza kikaifukuza uanachama. Wateja wakakimbia, na katika mwezi huohuo kampuni ikawekwa chini ya wafilisi. Jina lililojengwa tangu miaka ya 1980 lilikwisha ndani ya siku chache, likiwapotezea kazi hata wafanyakazi ambao hawakuwahi kuigusa Afrika Kusini.

Pingamizi jingine ni la haraka. Mtandao haungoji, wanasema. Ukikaa unahakiki, uvumi umekwisha kufika Kigoma na Muscat. Lakini haraka na ukweli havigombani kama maandalizi yapo. Katika saa ya kwanza unaweza kutoa taarifa ya mistari minne: tukio limetokea, tunalifuatilia, tumechukua hatua hizi za kuwalinda watu, tutazungumza tena saa fulani. Kiunzi cha taarifa hiyo kiandikwe mwezi wa Januari, kipitiwe na mwanasheria wakati hakuna anayepiga kelele, kiwekwe tayari. Kinachoua ni haraka ya kujitetea. Aprili 2017, abiria wa United Airlines alipoburutwa nje ya ndege huko Chicago huku simu za wenzake zikirekodi, kauli ya kwanza ya mtendaji mkuu iliomba radhi kwa abiria waliolazimika kupangiwa safari nyingine, kana kwamba tatizo lilikuwa la ratiba. Ililazimu kauli nyingine, tena nyingine, kabla ya kuombwa radhi kwa kilichotendeka hasa. Wanasheria huogopa kwamba kuomba radhi ni kukiri kosa mahakamani, na hofu yao isipuuzwe. Kaa nao mapema mkubaliane namna ya kumpa pole aliyeumia bila kuamua nani mwenye hatia. Kumwambia mfiwa "poleni, tuko pamoja nanyi, gari la kuwachukua limeshaondoka" hakujawahi kumfunga mtu.

Kuhusu kujuana na waandishi, ambako wengi wanakuhesabu kuwa ndiyo kazi yenyewe, nako kuna la kusemwa. Bahasha ya kaki inajulikana Dar es Salaam, inajulikana Nairobi. Mwandishi anayelipwa vibaya na kituo chake ataipokea, na habari ya uzinduzi wako itatoka. Ila bahasha inanunua habari nyepesi tu. Siku ya kashfa, aliyezoea bahasha atakwenda kwa mwenye nene zaidi, na mhariri makini aliyewahi kuletewa habari ya kununuliwa hatapokea simu yako. Urafiki unaodumu na chumba cha habari hujengwa kwa vitu vya kawaida: kupokea simu saa 3 usiku gazeti likikaribia kufungwa, kutoa takwimu zilizo sahihi, kumwambia mwandishi wazi kwamba jambo fulani huwezi kulizungumzia badala ya kumzungusha, na kutompiga chenga mtu wa gazeti dogo kwa kuwa leo kuna televisheni. Mwandishi hukusamehe ukimnyima habari. Ukimpa ya uongo akaandika jina lake juu yake, umekwisha.

Hapa tunafika kwenye haiba. Je, kazi hii ni ya wachangamfu tu? Uchangamfu unasaidia mlangoni, ila kazi zilizotajwa katika makala haya zinadai tabia nyingine. Zinadai usikivu, kwa maana mtu anayependa kusema hakusanyi malalamiko. Zinadai udadisi usioona haya kumuuliza fundi swali la kitoto. Zinadai utulivu wa kupokea simu ya mtu anayefoka bila kufoka, na kumbukumbu ya tuliyoahidi mwaka juzi. Zaidi ya yote zinadai kutopenda kuonekana: mkuu ndiye anayesimama mbele ya kamera, wahandisi ndio wanaosifiwa, na ushauri wako uliozuia aibu hautajulikana, kwa sababu aibu yenyewe haikutokea. Mpole asiyependa sherehe anaweza kabisa kufika juu katika kazi hii. Mpenda sifa atapata shida, kwa kuwa siku moja atalazimika kuchagua kati ya taasisi kupona na yeye kuonekana.

Ngazi ya kazi inaweza kupandwa kwa mpangilio. Shahada zipo, kama zile za Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na za Mtakatifu Augustino, Mwanza. Vyama vya taaluma vipo, kikiwamo cha Kenya kilichoanzishwa mwaka 1971. Miaka ya kwanza itumie kujifunza kuandika kwa usahihi na kuijua taasisi yako kama mkaguzi wa hesabu anavyoijua. Miaka ya katikati ijue sheria. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Tanzania inampa mwombaji jibu ndani ya siku 30, Kenya ndani ya siku 21. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakuhusu kila unapotaka kurusha picha ya mgonjwa au mteja. Afisa anayezijua sheria hizi hana haja ya kumtisha bosi kwa maoni yake; anamwekea kifungu mezani. Miaka ya ukubwani ni ya kuwafundisha wakuu kuzungumza na kuwalea vijana watakaokurithi.

Kwa hiyo, msomaji uliye katika kazi hii, usihesabu mafanikio yako kwa mikutano uliyoitisha wala kwa picha ulizopiga na mawaziri. Jiulize mwaka huu ni uamuzi gani uliobadilika kwa sababu ulisema kitu kikaoni. Kama jibu ni hakuna, anza Jumatatu ijayo na ule ukurasa mmoja. Nawe mkurugenzi unayesoma haya, mwite afisa uhusiano wako kabla ya kuamua, umwombe akwambie jambo usilotaka kulisikia, na usimwadhibu akikwambia. Ukimnyamazisha yeye, wateja wako watayasema hayohayo hadharani, na hutakuwa na nafasi ya kuwajibu kwanza.